Vocha ndani ya pakiti: kadi uliyoahidiwa isipofika

Ukurasa wa barua wa mwezi huu tumeuachia jambo moja, kwa kuwa ndilo lililojaa kwenye barua zenu. Wasomaji wetu wa Marekani na Kanada, na jamaa zao walioko nyumbani, wanakusanya kadi za wachezaji wa kikapu, besiboli, mpira wa Kimarekani na magongo ya barafuni. Wamefungua pakiti wakitarajia kadi yenye saini ya mchezaji, wakakuta kadi ya vocha.

Kwa asiyeifahamu, inafanana na vocha ya simu ile ya kukwangua. Mbele imeandikwa jina la mchezaji na aina ya kadi unayodai. Nyuma kuna namba ya siri iliyofunikwa. Unakwangua, unaisajili namba kwenye tovuti ya kampuni iliyochapa, kisha unangoja kadi halisi ije kwa posta. Chanzo chake ni ratiba. Kampuni humpelekea mchezaji kadi zenyewe atie saini, au karatasi za stika ambazo zitabandikwa kwenye kadi baadaye. Pakiti zina tarehe yake ya kuingia sokoni na hazimngoji mchezaji aliyeko safarini au aliyezisahau kabatini. Basi mahali pa kadi panawekwa vocha. Mchezaji akizirudisha baada ya miezi mitatu, hakuna ugomvi. Asipozirudisha, ndipo barua zenu zinapoanza.

SWALI: Mhariri, salaam. Nilinunua boksi zima dukani, nikapata vocha ya saini ya kijana aliyeingia ligi mwaka ule. Niliisajili siku hiyohiyo. Sasa ni miezi 14, akaunti inaandika "inasubiriwa" tu, na kila nikiandika napewa jibu lilelile la kuniomba uvumilivu. Je, nina haki yoyote, au ndiyo vigezo na masharti kuzingatiwa? — Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Haki unayo, ndugu msomaji. Vocha si bahati nasibu tena. Bahati ilikwisha pale ulipoifungua pakiti. Ulichobaki nacho ni ahadi ya maandishi kwamba ukisajili namba hii utapewa kadi hii. Wewe umesajili. Upande wako umetimia, upande wao bado.

Mauzo ya bidhaa huko Marekani husimamiwa na sheria inayoitwa kwa kifupi UCC, sehemu yake ya pili, ambayo majimbo yote isipokuwa Louisiana yameipokea. Kifungu cha 2-309 kinasema kwamba pasipotajwa muda wa kupeleka bidhaa, muda ni ule unaofaa kwa hali yenyewe. Hakimu hatasema tu kwamba miezi 14 ni mingi. Atatazama masharti yaliyokuwapo siku uliyosajili, na yale kampuni iliyokuwa ikikuandikia njiani. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, tengeneza faili. Weka picha ya vocha mbele na nyuma, risiti ya duka, ubavu wa boksi ulioandikwa uwezekano wa kupata saini, picha ya ukurasa wa akaunti unaoonyesha tarehe ya kusajili, na kila barua pepe. Masharti yenyewe yahifadhi kama faili la PDF leo hii, maana hubadilishwa, na toleo la zamani huondolewa bila taarifa. Walio wengi hukosea hapo: wanakuja na hasira kubwa na faili tupu.

Kisha andika barua ya madai. Kifungu cha 2-609 kinamruhusu mtu mwenye sababu ya kutia shaka adai, kwa maandishi, uhakikisho wa kutosha kwamba mkataba utatekelezwa. Upande wa pili ukikaa kimya kupita muda unaofaa, usiozidi siku 30, unahesabika umeukana mkataba. Kampuni inaweza kubisha kwamba boksi ulilinunua dukani na si kwake. Jibu lako ni kwamba ahadi ya vocha ni yake mwenyewe, jina lake liko juu yake, na ni yeye aliyepokea usajili wako. Barua isizidi ukurasa mmoja. Taja namba ya vocha, tarehe ya kusajili, jina kamili la kadi na namba yake katika seti. Dai moja kati ya mambo matatu: kadi yenyewe, kadi mbadala unayoitaja wewe, au kiasi cha dola unachokiandika kwa tarakimu. Taja tarehe ya mwisho. Itume kwa posta ya rejista yenye hati ya kupokelewa, nakala moja kwa idara ya sheria ya kampuni na nyingine kwa wakala wake aliyesajiliwa, yaani anayepokea hati za kisheria kwa niaba yake. Jina na anwani ya wakala huyo kwa kawaida hupatikana bure kwenye tovuti ya ofisi ya Katibu wa Jimbo.

Barua ikipuuzwa, mlango rahisi kuliko yote ni malalamiko kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako, kitengo cha walaji. Hailipiwi, na mara nyingi kampuni humpa ofisa mwenye jina aishike kazi hiyo. Vocha nyingi zilizolala mwaka mzima huamka hapo.

Ukishindwa kote huko, kuna mahakama ya madai madogo, ambako huhitaji wakili. Ukomo wa madai hutofautiana: Ohio ni dola 6,000, jiji la New York 10,000, California 12,500 kwa mtu binafsi, Texas 20,000. Ada si ya kutisha. California ni dola 30 kwa dai lisilozidi 1,500 na dola 75 kwa lile linalozidi 5,000. Ugumu upo kwenye mahali. Kampuni hushitakiwa ilipo au mkataba ulipopaswa kutekelezwa, na masharti mengi huchagua mahakama ya nyumbani kwao. Kati ya kampuni za kadi, Panini America iko Irving, Texas. Upper Deck iko Carlsbad, California. Kadi ya dola 80 haistahili nauli ya kwenda huko. Kadi ya dola 2,000 inastahili.

Kabla ya kufungua shauri soma kama masharti yana kipengele cha usuluhishi, yaani kwamba migogoro haipelekwi mahakamani bali kwa msuluhishi binafsi. Usivunjike moyo ukikikuta. Mara nyingi kipengele hichohicho huacha wazi mlango wa mahakama ya madai madogo, na mara nyingi hutoa siku chache baada ya kusajili za kujitoa kwa barua. Siku hizo watu huziacha zipite kwa sababu hawajui kuwa zipo.

SWALI: Baada ya kungoja, kampuni imeniambia mchezaji hakutia saini, ikaniletea kadi nyingine "yenye thamani sawa". Ile ya kwanza ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 300. Hii niliyoletewa haifiki 60. Nimeikataa. Je, nimekosea? — Mkusanyaji, Dallas

JIBU: Hukukosea kuikataa, ila ungeikataa kwa maandishi na kuirudisha au kuiweka bila kuifungua. Ukiiingiza kwenye albamu yako, au mbaya zaidi ukaiuza, umeonyesha kwamba umeipokea.

Masharti karibu yote huipa kampuni haki ya kubadilisha kwa kitu cha thamani sawa au zaidi. Ubishi ni nani anapima, na anapima siku gani. Kampuni hupenda kipimo chake ambacho mteja hakioni. Wewe leta kipimo kinachoonekana: mauzo yaliyokwisha kufanyika, si bei zinazoombwa. Kwenye eBay chuja ubaki na vilivyouzwa tu. Tafuta kadi ileile, aina ileile, yenye idadi ileile ya nakala. Kadi iliyopigwa namba hadi 99, yaani yenye nakala 99 tu, usiilinganishe na ya hadi 10. Tumia mauzo ya siku 30 hadi 90 kuzunguka tarehe waliyokataa kukuletea. Tuseme umepata mauzo matatu, dola 310, 345 na 365. Wastani ni 340. Toa thamani ya walichokuletea, na tofauti inayobaki ndiyo namba ya kuiandika kwenye barua ya madai. Ukipata kadi yenyewe inauzwa na mtu mwingine, UCC inakuruhusu uinunue kwa bei ya haki na kudai tofauti. Lakini kama mchezaji hakutia saini hata moja, kadi hiyo haipo duniani, na utabaki kulinganisha na saini zake za seti zinazofanana. Hapo eleza kwa sentensi mbili kwa nini seti uliyochagua inafanana: mwaka uleule, saini juu ya kadi au juu ya stika, idadi ya nakala. Saini iliyotiwa juu ya kadi yenyewe huthaminiwa zaidi ya stika, na mpimaji asiye mkusanyaji hataijua tofauti hiyo usipomwambia.

Kampuni ikisema haikuweza kwa sababu mchezaji amefariki au amegoma, hilo laweza kuiondolea lawama ya kutokuletea kadi ile. Kifungu cha 2-615 kinakubali udhuru wa namna hiyo, ila kinamtaka muuzaji amjulishe mnunuzi mapema. Udhuru huo hauipi ruhusa ya kubaki na thamani yako.

Kwa kuwa uko Texas, ongeza jambo moja. Sheria ya jimbo lako dhidi ya udanganyifu katika biashara inataka notisi ya maandishi siku 60 kabla ya kufungua shauri, na shauri lenyewe lifunguliwe ndani ya miaka 2. Andika notisi hiyo sasa. California nayo, chini ya sheria yake ya haki za walaji, inataka siku 30 kabla ya kudai fidia.

SWALI: Hizi pakiti si kamari tu? Mwanangu ametumia pesa nyingi. Nimesikia kampuni ziliwahi kushitakiwa kwa hilo. Kwa nini tusifungue kesi ya pamoja, wote tuliodhulumiwa? — Mama, Oakland, California

JIBU: Dada yetu, swali lako ni zito na lina historia. Mwaka 1990 Upper Deck iliweka ndani ya pakiti zake za besiboli kadi 2,500 zilizotiwa saini na Reggie Jackson, na tangu hapo kadi adimu ikawa ndiyo sababu ya kununua pakiti. Miaka ya tisini wanunuzi walizishitaki kampuni kadhaa kwa sheria ya mwaka 1970 iliyotungwa dhidi ya magenge ya uhalifu, inayojulikana kama RICO. Walidai kwamba pakiti ni bahati nasibu haramu kwa kuwa ina mambo matatu: malipo, bahati na zawadi. Walikuwa wakitafuta fidia ya mara tatu ya hasara yao.

Walishindwa. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ya mzunguko wa tano (mzunguko ni kanda ya mahakama za shirikisho) iliikataa kesi dhidi ya kampuni ya kadi ya Pinnacle Brands, na mwaka 2002 ile ya mzunguko wa tisa, ambayo California iko chini yake, ikazikataa nyingine zikiwemo dhidi ya Fleer/Skybox. Hazikusema kwamba pakiti ni jambo jema. Zilisema mnunuzi hakupata hasara ya mali inayotambuliwa na sheria hiyo, kwa sababu thamani hupimwa siku ya kununua. Siku hiyo alilipa, akapewa kadi kadhaa na nafasi ya kupata iliyo adimu. Kuikosa si hasara. Ni upande wa pili wa nafasi aliyoilipia.

Sasa tazama jinsi hoja hiyo inavyomgusa mwenye vocha. Yeye hakuikosa kadi adimu. Aliipata, ila ikabaki mikononi mwa kampuni. Kwa hiyo anayekwenda mahakamani na vocha yake huku akilalamika kuhusu kamari anaacha hoja yenye nguvu na kushika ile iliyokwisha kuanguka. Aseme mkataba. Aseme ahadi. Neno kamari asilitaje.

Kampuni nazo zilijikinga. Ndiyo maana nyuma ya pakiti utakuta maandishi madogo kwamba si lazima kununua: unaweza kuandika kwa mkono jina na anwani yako kwenye kadi ya inchi 3 kwa 5, uitume kwa posta kabla ya tarehe iliyotajwa, nawe uingie kwenye droo ya kadi zilezile. Wakiondoa malipo, moja ya nguzo tatu za bahati nasibu imetoka. Mwanao anaweza kuitumia njia hiyo kwa bei ya stempu. Yanayowaangusha wengi ni madogo: kuchapa badala ya kuandika kwa mkono, kuweka kadi mbili kwenye bahasha moja, au kutuma baada ya kipindi kwisha.

Kesi ya pamoja ni ngumu zaidi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya simu ya AT&T Mobility, iliruhusu makampuni kuweka kipengele cha usuluhishi kinachomzuia mteja kujiunga na wenzake. Aliyebonyeza "nakubali" wakati wa kusajili vocha huenda amefungwa na kipengele hicho. Na kama mwanao ni mdogo chini ya miaka 18, mkataba alioufunga anaweza kuukana, lakini akiukana anaukana wote pamoja na haki ya kadi. Akaunti iwe kwa jina lako.

SWALI: Nataka kadi yenye saini ya Hasheem Thabeet kwa ajili ya ofisi yangu. Kuna mtu Marekani anauza boksi la msimu wa 2009-10 ambalo halijafunguliwa, na anasema ndani kunaweza kuwa na vocha. Ninunue? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usinunue kwa ajili ya vocha. Kila vocha ina tarehe ya mwisho ya kusajili iliyochapwa juu yake, na za msimu ule zimekufa miaka mingi iliyopita. Kampuni haidaiwi tena: ahadi yake ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulionekana kwa kila mnunuzi. Hata pale kampuni inapovunja ahadi hai, UCC inatoa miaka 4 tangu uvunjifu, na mkataba unaweza kuipunguza hadi mwaka 1.

Tena fikiri unalipia nini. Thabeet alichaguliwa wa 2 mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, na Watanzania tunajivuna kwa hilo. Lakini katika uchaguzi huohuo James Harden alikuwa wa 3 na Stephen Curry wa 7. Bei ya boksi lolote la msimu ule inabebwa na kadi ya kwanza ya Curry. Utalipa gharama ya Curry ukimtafuta Thabeet, na pengine ukute vocha iliyokufa. Kadi moja ya Thabeet iliyokwisha kutiwa saini utaipata kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo.

Kama umeshanunua na muuzaji aliandika kwamba vocha "bado zinafanya kazi", dai lako ni dhidi ya muuzaji, kwa kuwa maneno hayo ni dhamana aliyoitoa. Piga picha tangazo lake kabla halijafutwa.

SWALI: Nilinunua vocha yenyewe mtandaoni, ikiwa imekwanguliwa tayari, dola 450. Nilipoisajili tovuti ikasema namba imeshatumika. Muuzaji anasema yeye hakuitumia. — Msomaji, Silver Spring, Maryland

JIBU: Saa inakimbia, kwa hiyo anza na pesa, mabishano baadaye. Dhamana ya eBay inataka ufungue dai ndani ya siku 30 tangu kupokea. PayPal inatoa siku 180 tangu kulipa. Ukilipa kwa kadi ya mkopo, sheria ya shirikisho inakupa siku 60 tangu benki ilipotuma taarifa ya kwanza yenye gharama hiyo, na pingamizi liwe barua iliyotumwa kwenye anwani ya malalamiko ya bili, si ile ya kulipia. Benki lazima ikiri kupokea ndani ya siku 30 na imalize ndani ya mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90.

Wakati huohuo iandikie kampuni swali moja tu: namba hii ilisajiliwa tarehe gani? Jina la aliyesajili hawatakupa, na usilidai. Tarehe inatosha. Ikiwa ni kabla ya siku uliyonunua, muuzaji alikuuzia karatasi tupu. Ikiwa ni baada, basi huenda alionyesha namba kwenye picha ya tangazo na mtu akainakili. Hapo uaminifu wake hauna tatizo, ila uzembe ni wake na hasara si yako.

Vocha iliyokwanguliwa ni bidhaa hatari, na sisi tungemshauri yeyote asiinunue. Wauzaji makini huiacha haijakwanguliwa, au huisajili wenyewe na kuikabidhi kadi ikifika. Jambo hilihili huwapata wanaonunua nafasi ya timu kwa wale wanaofungua maboksi mubashara mtandaoni. Kadi zote za timu yako ni zako, na vocha pia. Lakini uliza kabla ya kulipa nani ataisajili. Akisajili yeye kwa akaunti yake, kadi mbadala, pointi zinazotolewa badala ya kadi na mawasiliano yote vitakwenda kwake, na miezi 10 baadaye hatakumbuka jina lako.

SWALI: Binamu yangu yuko Dallas, mimi niko Nairobi. Vocha niliipata kwenye pakiti alizoniletea likizo. Nisajili kwa anwani yangu ya Kenya? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Soma kwanza masharti, kwa kuwa programu nyingi za vocha hupeleka kadi kwenye nchi zilizotajwa tu, na anayeandika anwani isiyokubalika anaweza kuambiwa usajili ni batili baada ya tarehe ya mwisho kupita. Asajili binamu yako kwa jina na anwani yake, kwa kuwa ndiye mwenye risiti. Muandikiane ujumbe mfupi kwamba kadi ni yako. Mahakama ya madai madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, lakini itakufaa dhidi ya muuzaji aliyeko Kenya, si kampuni isiyo na ofisi wala mali huko.

SWALI: Nimeandika kuomba kuingia bure kwenye droo ya kadi za magongo. Wamenitumia swali la hesabu! Nimedhani ni matapeli. — Msomaji, Toronto

JIBU: Si matapeli. Kifungu cha 206 cha sheria ya jinai ya Kanada kinakataza zawadi zinazotolewa kwa bahati tupu, ila kinaacha nafasi kwa ile inayochanganya bahati na ujuzi. Hesabu ndiyo ujuzi wenyewe. Ijibu kwa utaratibu: kuzidisha na kugawanya kwanza, kujumlisha na kutoa baadaye. Kwa mfano 12 mara 4, jumlisha 10, toa 8, jibu ni 50. Usitumie kikokotoo kama kanuni zimekataza, na rudisha kabla ya tarehe. Ukikosea umepoteza zawadi kihalali.

Ukiwa Ontario una kinga ambayo wenzako wa Marekani hawana. Sheria ya walaji ya mwaka 2002 inabatilisha kipengele cha usuluhishi pale kinapomzuia mlaji kwenda mahakamani, na mahakama ya madai madogo tangu Oktoba 2025 hupokea hadi dola 50,000 za Kanada. Kukusanya hukumu kwa kampuni isiyo na mali Ontario ni kazi nyingine.

SWALI: Kampuni iliyotoa vocha zangu inasemekana inafilisika, na jina lake litanunuliwa na nyingine. Huyo mnunuzi atanilipa? — Msomaji, Chicago

JIBU: Usimtegemee. Fleer ilipofungwa mwaka 2005, Upper Deck ilinunua jina hilo kwa dola milioni 6.1. Anayenunua jina na nembo hanunui madeni, ila akikubali kwa maandishi. Wengine huheshimu vocha za zamani kulinda sifa yao sokoni, na huo ni uamuzi wao wa biashara.

Kampuni ikiingia mahakama ya ufilisi, wewe ni mdai kama wengine. Jaza fomu namba 410, haina ada, na ambatanisha faili tuliloeleza kwenye jibu la kwanza. Katika ufilisi wa sura ya 7 (kampuni kufungwa na mali kuuzwa) wenye mali za kugawa, kwa kawaida muda wa kupeleka fomu ni siku 70. Katika sura ya 11 (kampuni kujipanga upya) mahakama hupanga tarehe. Ukichelewa hata siku moja dai laweza kutupwa, hata liwe la haki kiasi gani. Kwenye fomu kuna sehemu ya madai ya kipaumbele. Fedha ambazo mtu binafsi alitanguliza kwa bidhaa ya matumizi ya nyumbani ambayo hakuletewa hupata kipaumbele hadi dola 3,800 kwa ufilisi ulioanza tangu Aprili 2025. Kwamba vocha inaingia humo ni hoja inayobishika, kwa kuwa ulilipia pakiti na si kadi ile. Weka alama hapo hata hivyo na eleza sababu. Pasipo kipaumbele, wadai wa kawaida huambulia senti chache kwa kila dola.

Na vocha ambazo hujazisajili, zisajili leo, tovuti ingali hewani.

SWALI: Nimekwangua kwa shilingi, tarakimu mbili zimetoka na karatasi. Nifanye nini? — Msomaji, Buffalo, New York

JIBU: Acha kukwangua. Piga picha chini ya mwanga wa pembeni, usio wa moja kwa moja. Alama ya wino au mbonyeo wa tarakimu huonekana hivyo. Usijaze kwa kubahatisha mara nyingi, maana tovuti zaweza kuifunga akaunti. Fungua ombi kwa huduma ya wateja kabla ya tarehe ya mwisho ya vocha, upate namba ya ombi kwa maandishi. Mara nyingi watataka uwapelekee vocha yenyewe. Ipeleke kwa posta inayofuatiliwa na yenye bima, ndani ya kasha gumu la plastiki, ukiwa na picha zake pande zote mbili. Vocha nyingine utakazopata tumia ukingo wa kadi ya plastiki, kwa wepesi, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na uipige picha kabla hujaigusa.